Pilau la Bakili na Sare ya Nywele

Dada Hyasinta mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi yangu utanipa kwenye jibu, maana napenda heshima. Naitwa Zamda, mkazi wa Mtaa wa Sikukuu hapa Kariakoo, nyumba yetu ni ile ya chini iliyobaki katikati ya maghorofa, nauza madera Mtaa wa Congo na safu yako huwa hainipiti, hata gazeti nililofungiwa vitumbua nalikunjua kwanza nikutafute. Nimekuja na mzigo, dada yangu, nisaidie kuutua, na tafadhali majina usibadilishe, nataka mtaa mzima wasome na yeye mwenyewe asome, na kama hana miwani asomewe.

Ninayemsema ni Bakili, mpishi wa pilau, yule anayepika kwenye maharusi ya Kariakoo na Gerezani kote, ambaye zamani alikuwa mume wangu tukazaa mabinti wawili, Kuruthumu na Anifa, halafu akanipa talaka yangu akaoa mwanamke mwingine ambaye jina lake siliandiki nisije nikaharibu karatasi. Mimi sina kinyongo. Nilishamsamehe zamani, na kila nikikutana naye namkumbusha kwamba nilishamsamehe.

Sasa Anifa akapata mume, Bakili akasema harusi ya mwanawe atapika mwenyewe bila kulipwa, nikakubali kwa moyo mweupe, ila siku ya siku naingia uani na dera langu jipya namkuta nani ameshika upawa? Yule mwanamke! Upawa wa harusi ya mwanangu niliyemzaa mwenyewe, na anawauliza wageni, "Nikuongeze nyama?" kama vile yeye ndiye aliyesikia uchungu wa kuzaa. Dada Hyasinta, nikasusa. Nilibembelezwa na mashangazi, nikabembelezwa na shehe, nikasema sili na sikula, hata punje ya wali haikuingia mdomoni mwangu, soda yenyewe nilikunywa ya kununua dukani, na shahidi wangu ni Siwema.

Siwema ni shoga yangu na ndiye mwenyekiti wetu wa sare. Wenzetu huwa wanashona sare ya nguo wanaridhika, lakini Siwema akasema sisi wa upande wa mama lazima tuonekane, tuwe na sare ya dera, sare ya kilemba na sare ya nywele, kila mtu nywele zake zilale, asiwepo wa kipilipili na wa singa kwenye mstari mmoja. Nikamuuliza, "Siwema, hizo nywele si zitakuwa ndani ya kilemba?" Akanijibu, "Hata zisipoonekana, Zamda, sisi wenyewe tutajua." Nikaona ana hoja. Akaenda kutununulia dawa ya kunyoosha kwa mtu mmoja hapahapa sokoni anayepima kutoka kwenye ndoo, maana ya kwenye chupa ni ghali na sisi tulikuwa wengi, akarudi nayo kwenye kopo la maziwa ya unga, tukapakana pale uani siku moja kabla ya harusi, na mjukuu wangu Ummy naye tukampaka, mtoto wa Kuruthumu, yuko darasa la tatu, kwa sababu sare ni sare, huwezi kumwacha mtoto akaharibu mstari. Harufu ilikuwa kali mpaka machozi yanatutoka, na yule muuzaji alisema tukae nayo nusu saa lakini tulinogewa na maneno tukakaa mpaka azana ya alasiri, ndipo tukaosha na kuzipiga pasi ya moto. Ummy alilia kidogo eti kichwa kinawaka, nikamwambia avumilie. Haya nakueleza tu ujue tulivyopendeza, hayahusiani na kesi.

Kesi ni hii. Bakili na Ummy wana utani wao wa babu na mjukuu, anamwita mke wangu, na kila akipika anamkwangulia ukoko wa chini ya sufuria anamwekea. Ukoko huo enzi zetu ulikuwa wangu, lakini hayo tuyaache. Siku ya harusi kamwita mbele za watu, "Mke wangu njoo uchukue haki yako," kampa ukoko umejaa sahani ya bati, mtoto akala wote. Kesho yake ikaanza, mtoto anatapika, tumbo linauma, mgongo unauma, mkojo unatoka kidogo na mweusi kama chai ya rangi, mimi nikamchemshia mwarobaini na nikamnunulia vidonge vya maumivu, wapi, ikabidi tumkimbize hospitali wakamtundikia maji na kumpima damu wakasema figo zimeumia, na daktari akauliza mtoto amekula nini. Nikasema pilau! Wote tukasema pilau. Sasa mtu akila ukoko peke yake na akaugua figo peke yake, wewe mwenyewe unaonaje?

Halafu sikiliza, si yeye tu. Mimi mwenyewe siku ileile nilitapika na mgongo ukanikata vibaya, na nina hakika ni kwa sababu nilipita karibu na sufuria la Bakili nikavuta ule mvuke. Siwema naye, aliyekula sahani mbili ingawa alijua nimesusa, aliumwa kichwa na kikamtoka malengelenge, ila yeye anasema ni joto la kilemba.

Ummy alilazwa, namshukuru Mungu ametoka, anahudhuria kliniki. Mimi sikunyamaza. Nimetangaza mtaani, nimetangaza sokoni, nimetangaza kwenye kundi letu la sare la WhatsApp kwamba Bakili kalisha mtoto sumu, na watu wameelewa, hakuna anayemwita tena kupika, siku hizi anashinda Mnazi Mmoja amekaa kwenye majani na masufuria yake nasikia ameyafunika kifudifudi. Alikuja mlangoni kwangu analia, "Zamda, mimi nimuue mke wangu?" Nikafunga mlango. Kuruthumu ananiambia namwonea baba yake, tunaishi nyumba moja na hatusemeshani, chumvi tunaombana kupitia kwa mtoto.

Sasa Jumamosi hii wakwe zetu wametualika kwao Mbagala, na unajua mpishi waliyemchukua ni nani? Bakili! Eti wao walikula pilau lile na hakuna kilichowapata. Naomba ushauri wako, nimpeleke kwa mjumbe, nimpeleke polisi, au nisimame palepale Mbagala niseme mbele ya wote ili asipate pa kujificha? Nijibu haraka kwa sababu Ijumaa nitakuwa na kazi, nywele zetu za mbele zimeanza kujirudi na itabidi tupakane tena, mimi na Siwema na Ummy, kopo bado lina nusu na kitu kizuri hakitupwi.

Ni mimi bibi mwenye uchungu,
Zamda, Mtaa wa Sikukuu.

DADA HYASINTA ANAJIBU

Shikamoo, Bi Zamda. Umenizidi umri, kwa hiyo heshima yako hiyo hapo, ikunje uiweke mahali pazuri kwa sababu huko mbele hutaikuta tena.

Majina nimeyaacha kama ulivyotaka, mtaa usome. La mtoto tu ndilo nimelibadilisha. Ummy si jina lake, na yeye kwenye mambo haya hana kosa lolote isipokuwa kuwa na bibi anayependa sare.

Umeniandikia pilau kwa kurasa, ukaniwekea nywele katikati hapo kidogo, halafu ukaniambia hazihusiani na kesi. Mama yangu, hiyo ndiyo kesi. Pilau la Bakili lililiwa na upande wa mume na upande wa mke, mashangazi, shehe, majirani na watu waliokuwa wanapita zao. Wakwe zako wamelila na wanataka tena. Walioumwa kwa mujibu wa barua yako ni nani? Ummy, aliyekula ukoko na kupakwa dawa. Siwema, aliyekula sahani mbili na kupakwa dawa. Na wewe. Wewe ambaye hukula hata punje, umeniapia, na shahidi ukaniletea. Ulisusa pilau, Bi Zamda, dawa hukuisusa! Na habari ya mvuke usiirudie mbele ya watu wazima. Kama mvuke wa pilau ungekuwa unatapisha, Kariakoo nzima ingekuwa imelazwa kila mwisho wa juma.

Niliposoma barua yako nilicheka, ila si mpaka mwisho. Nilifika kwenye kopo na Ijumaa nikaiweka chini, nikampigia daktari wa figo ninayemfahamu. Akaniambia zipo dawa za kunyoosha nywele zenye tindikali ambayo hupenya kwenye ngozi ya kichwa ikaingia kwenye damu, na mwili ukiibadilisha inageuka chembechembe zinazokwenda kuziba na kuumiza figo. Joto la pasi halisaidii, kukaa nayo mpaka alasiri ndiyo kabisa, na ngozi ikishaungua na kutoa malengelenge mlango umekuwa wazi. Mtu hutapika, tumbo na mgongo vinauma, mkojo unapungua. Mtoto ana mwili mdogo, kwa hiyo kile kinachomtapisha bibi kinaweza kumlaza mjukuu. Halafu ninyi mlinunua kwa kupima, kutoka kwenye ndoo isiyo na jina, kwa mtu asiyejua ndani mna nini. Nikamuuliza kuhusu mwarobaini wako na vidonge vyako vya maumivu. Akasema baadhi ya vidonge vya aina hiyo huzidi kuzibebesha mzigo figo ambazo tayari zimeumia.

Namba yako uliiandika nyuma ya bahasha, nikakupigia. Unakumbuka. Nilipotaja neno nywele ukaniuliza Bakili amenilipa nini, ukanikatia simu. Mimi nimetoka kwetu Masasi nikaja Dar kutafuta maisha, nimekatiwa simu na wakubwa kuliko wewe. Nikapiga tena, na safari hii akapokea mtoto.

"Bibi anaswali," akaniambia. "Wewe nani?"

"Shangazi wa kwenye gazeti. Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Nimepona. Ila nachoka, nikipanda ngazi madrasa napumzika."

"Siku ile mlipopakwa dawa ya nywele, wewe iliuma?"

"Iliwaka sana. Nikamwambia bibi inawaka, akasema nivumilie, nisiharibu sare." Kisha akateremsha sauti. "Shangazi, eti babu amefungwa?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ila haji tena, na ukoko haniletei. Ni kwa sababu niliumaliza wote?"

Bi Zamda, mimi nimejibu barua za watu miaka mingi, za wenye wake waliokimbia na waume waliorudi na watoto wasiojulikana walikotoka, na swali kama lile sijawahi kuulizwa. Wewe ulikuwa unataka Bakili aaibike, na katika kumtafutia aibu umemfanya mtoto wa darasa la tatu aamini kwamba babu yake yuko jela kwa sababu yeye alikula sana. Nilimwambia hapana, mwanangu, babu hajafungwa, na hukukosea kitu. Nikamwomba anipe mama yake.

Kuruthumu hakubishana nami hata kidogo. Akasema, "Dada, walituuliza amekula nini. Hakuna aliyetuuliza amepakwa nini, na sisi hatukusema." Siku ileile alimchukua mtoto na kopo, akaenda navyo hospitali, na daktari alipofungua kifuniko aligeuza uso akakohoa. Kopo limepelekwa kupimwa. Mpaka hapo daktari anaishuku dawa, ukoko haumo kwenye orodha yake. Vipimo vya mtoto vinaendelea kuwa vizuri, ataendelea na kliniki. Kuruthumu alimwuliza ingekuwaje kama angepakwa tena Ijumaa. Daktari akamwambia ashukuru Ijumaa haijafika. Kwa hiyo ukiona kopo halipo kabatini, usimtafute mwizi. Na hiyo nusu iliyobaki usiililie.

Najua humwombei mjukuu wako mabaya. Mtu aliyemkimbiza mtoto hospitali si adui wa mtoto. Ulimpaka kwa kumpenda, ulitaka awe mmoja wenu kwenye mstari. Lakini mtoto alisema inawaka, na hilo ndilo lililotakiwa kumaliza mambo palepale, umwoshe kichwa kwa maji mengi, sare ikae pembeni.

Sasa sikiliza, na Siwema naye asomewe. Kesho asubuhi wewe mwenyewe nenda hospitali, mgongo uliokukata si wa mvuke. Uwaambie neno kwa neno ulipakwa nini, lini, na ulikaa nayo mpaka saa ngapi, upimwe damu na mkojo. Wabebe wote waliopakwa siku ile, sare yenu inayofuata iwe foleni ya maabara. Mwarobaini uache mtini, na kidonge chochote usimpe mtoto mpaka daktari aseme. Siwema, kwa kuwa ni mwenyekiti, ana kazi ya uenyekiti: aende na bwana afya amwonyeshe ile ndoo ilipo, kwa maana kuna wajukuu wengine mjini hapa na wao wana harusi. Nywele za Ummy mzisuke mabutu. Zikijirudi ziacheni zirudi, zinarudi kwao.

Lile kundi la WhatsApp ulikotangaza sumu, ingia leo utangaze ukweli. Usiandike, rekodi sauti, wakusikie ni wewe. Usianze na "inasemekana." Sema, "Mimi Zamda nilikosea, Bakili hana hatia." Ni maneno machache na hayana tindikali, hayatakuunguza. Kisha mwende na Kuruthumu mpaka Mnazi Mmoja mkamnyanyue baba wa watu kwenye majani, akageuze masufuria yake.

Kwa mjumbe usiende, polisi usiende. Jumamosi nenda Mbagala. Vaa dera, funga kilemba, nywele humo ndani zikae zinavyotaka. Hazitaonekana, ila ninyi wenyewe mtajua. Ukifika, usikae na mashangazi ukisubiri kubembelezwa. Nyoosha moja kwa moja mpaka uani penye sufuria, ushike sahani yako kwa mikono miwili, na kama aliyeshika upawa ni yule usiyetaka kumwandika jina, basi mpe sahani huyohuyo. Akikuuliza akuongeze nyama, sema ndiyo. Ule mbele ya watu wote, umalize, na ulambe vidole wakikutazama.

Ukoko ukikwanguliwa, usiuguse. Nimemuuliza daktari kama mtoto anaruhusiwa, akasema kidogo tu. Bakili atamwekea kwenye sahani ya bati. Mpelekee wewe, kwa mkono wako, umwambie umetoka kwa babu.